Kwa nini yule mzee wa tangi kule Newala hakuwahi kuuza hata ndoo moja ya maji?

#1 Mwana_wa_Uwanda
Habari zenu wakuu.

Mwezi uliopita tulimzika mzee wetu mmoja, kijijini upande wa Kitangari. Jina siliweki, familia imeomba hivyo. Wenyeji mtakuwa mmeshamjua kabla hamjamaliza kusoma. Ni yule mwenye tangi la saruji ubavuni mwa nyumba, la lita elfu 40.

Kwa ambao hamkukulia uwanda wa Makonde: kule juu hakuna mto wala chemchemi. Mvua ikinyesha mchanga unaimeza, maji yanakwenda kutokea chini bondeni. Kuanzia Agosti mpaka mvua za Desemba mama zetu walikuwa wanaamka usiku, ndoo kichwani, wanashuka mteremko gizani na kuupanda tena jua likiwa limeshachoma. Kipindi hicho mwenye tangi la mvua ni mwenye duka. Ndoo ya lita 20 inauzwa, na kadri kiangazi kinavyokaza ndivyo bei inavyopanda. Simlaumu mtu, kila mmoja kajenga kwa jasho lake.

Mzee huyu hakuuza. Alfajiri anafungua kufuli, foleni imeshapangwa, kila nyumba ndoo mbili. Jua likitoka anafunga anakwenda kwenye mikorosho yake. Tajiri hakuwa. Alikuwa na mikorosho kama ya wenzake, mbaazi kidogo, mbuzi wachache, na nyumba imejaa watoto, wa kwake na wasio wa kwake.

Swali langu ni moja: kwa nini? Pale matangani niliuliza, kila mtu akanipa jibu lake na yote hayafanani. Mnaomjua semeni.

#2 Kuchele_Kweupe
Mtwara kuchele! Namjua vizuri. Nilipochaguliwa kwenda sekondari ya bweni nyumbani hatukuwa na godoro. Alimnyanyua mwanaye kitandani, akalikunja la mwanaye, akanifunga nalo kwenye baiskeli. Poleni wafiwa.

#3 Fundi_Saruji
Poleni. Ila wakuu, mimi ni mtu wa hesabu, mnivumilie.

Milimita moja ya mvua ikidondoka kwenye mita moja ya mraba ya bati inakupa lita moja. Tuseme paa lake ni mita 8 kwa 10, hiyo ni 80. Tuseme msimu umeleta milimita 800. Kwenye karatasi ni lita 64,000. Toa zinazoruka nje ya gata, toa mvua ya kwanza inayoosha vumbi, unabaki na hamsini hivi. Kwa hiyo tangi la elfu 40 linajaa, hapo sina ugomvi.

Ugomvi uko kwenye kutoa. Kiangazi cha siku 120, lita elfu 40, unapata ndoo kama 16 kwa siku. Kwa ndoo mbili kila nyumba hizo ni nyumba nane. Kijiji kizima mnakitoa wapi? Marehemu wetu tukishawazika tunapenda kuwarefusha.

#4 Mwana_wa_Uwanda
Fundi, sikusema kijiji kizima. Ni kitongoji chetu, na kilikuwa na zamu. Leo upande wa msikitini, kesho upande wa shule, keshokutwa upande wa chini. Nyumba ishirini na kitu kwa jumla.

#5 Fundi_Saruji
Zamu ya siku tatu, nyumba nane nane. Sawa, 24. Hapo hesabu inasimama. Endeleeni.

#6 Bint_Mikindani
Jibu la swali mbona liko wazi. Saad bin Ubada alifiwa na mama yake, akamuuliza Mtume sadaka ipi ni bora, akajibiwa maji. Akachimba kisima, akasema hiki ni cha mama Saad. Mzee atakuwa aliyasikia hayo madrasa akiwa mdogo yakamkaa. Sadaka ya maji ni ile inayoendelea hata ukishalala kaburini. Angeuza ingekuwa biashara, na thawabu ya kisima haichanganywi na hela ya ndoo.

#7 Mla_Mingoko
Sasa hapo kwa mama ndipo penyewe. Kwetu ilisimuliwa kwamba mama yake mzazi aliteleza kwenye mteremko usiku na ndoo kichwani, akavunjika nyonga, hakutembea tena. Tangu siku hiyo mzee akaapa. Dini ilikuja juu yake baadaye.

#8 Bint_Mikindani
@Mla_Mingoko basi ndiyo nilichosema mimi, umeongeza nyonga tu.

#9 Mla_Mingoko
Hahaha dada yangu, lakini kanisa lilipojengwa mzee si alipeleka mifuko ya saruji? Nayo ni ya Saad bin Ubada?

#10 Bint_Mikindani
Jirani ni jirani. Wewe kula ming'oko.

#11 Kangomba_Mstaafu
Nitasema kitu msichokipenda. Mimi nimenunua korosho kusini miaka mingi, tena kwa kangomba, ile njia ya kupima kwa kopo nje ya utaratibu, mnayoijua mkiliona jina langu. Nilisikia huyu mzee aliwahi kuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi. Stakabadhi ghalani, ule mfumo wa korosho kukusanywa ghalani kupitia chama ndipo ziuzwe, ilipoingia kukawa na maneno ya kilo kupungua kati ya mkulima na ghala. Muda mfupi tangi likasimama. Mtu anayetoa bure kila siku mbele ya watu, jiulize anafuta nini. Simhukumu. Hata anayelipa deni kwa maji, waliokunywa wamekunywa.

#12 Kuchele_Kweupe
Ama kweli mzoea kangomba anapima kila mtu kwa kopo lake.

#13 Mwana_wa_Uwanda
Kangomba, huna haya. Tanga halijapoa.

#14 Mstaafu_wa_Idara
Vijana, tulieni. Stakabadhi ghalani kwa korosho ilianza Mtwara msimu wa 2007/08. Mimi tangi lile nilinywa maji yake kabla ya daraja la Mkapa pale Rufiji, na daraja lilifunguliwa 2003. Nakumbuka kwa sababu tulikuwa tumetoka Dar masika, tumelala njiani mara kadhaa kusukuma gari kwenye tope, tumefika kijijini tunafanana na udongo. Mzee akatutolea ndoo tuoge. Kuoga! Kwa maji ya kunywa! Kwa hiyo hela ya mizani ya 2007 haiwezi kujenga tangi la kabla ya 2003. Tafuta tuhuma nyingine.

#15 Kangomba_Mstaafu
Mizani ilikuwepo hata kabla ya stakabadhi, mzee wangu. Ila mwaka nakubali.

#16 Dereva_wa_Somanga
Hiyo barabara mmenikumbusha mbali. Siku hizi vijana wanatoka Dar asubuhi, jioni wako Mtwara wanakula pweza, halafu wanalalamika basi halina kipozahewa. Waliosafiri na kimbunga Hidaya Mei 2024, maji yalipoikata barabara kule kwangu Somanga, angalau walionja kidogo.

#17 Mla_Mingoko
Uzi wa msiba dereva kaingiza basi 😂

#18 Mstaafu_wa_Idara
Niendelee, maana kwenye maji ndiko nilikofanyia kazi.

Swali la kuuza au kutouza lina historia pale uwandani kuliko mnavyodhani. Miaka ya 1950 wakati wa mkoloni kuliundwa shirika la maji la Makonde, likapandisha maji juu kwa mashine, na watu wakawa wananunua. Kwa hiyo babu zetu walizoea ndoo kuwa na bei. Baada ya uhuru ikaja siasa kwamba maji vijijini ni haki, hayauzwi. Mwaka 1971 ukaanza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji kila kijiji. Huku kwetu Mtwara na Lindi wakaja Wafini, wakachimba visima vifupi na kuweka pampu za mkono. Mabondeni zilifaa. Juu uwandani maji yako mbali mno, pampu ya mkono haiyafikii. Halafu sera ya maji ya 1991 ikarudisha wananchi kuchangia gharama.

Mzee huyu alikuwa kijana kwenye kile kipindi cha katikati. Alifundishwa maji hayauzwi, na sera ilipogeuka yeye hakugeuka. Wengi wa rika letu tuko hivyo. Sihitaji nyonga wala mizani kumweleza.

#19 Ruvuma_Ngambo
Salaam. Naona mmeruka jambo. Ukoo wao ni wa kule Mueda, Msumbiji. Baada ya Wareno kuua watu pale 16 Juni 1960 watu walivuka mto Ruvuma kwa makundi, na vita ya ukombozi ilipoanza 1964 wakavuka zaidi. Wengine walipelekwa makambini kama Rutamba kule Lindi, wengine walipokelewa na ndugu wa uwandani, wakapewa shamba na kata ya maji bila kuulizwa wametoka wapi. Aliyewahi kupokelewa hivyo hawezi kumuuzia mtu maji. Babu yangu alikuwa hivyohivyo.

#20 Mwana_wa_Uwanda
Ruvuma, babu yake mzaa mama ndiye wa ng'ambo. Yeye na baba yake ni wa hapahapa.

#21 Ruvuma_Ngambo
Kwa Wamakonde wajomba ndio wenye mtoto. Umenithibitishia.

#22 Dada_wa_Nanguruwe
Nimesoma kuanzia juu. Mzee hivi, mzee vile. Huyo mzee hakuwa na mke?

Mimi niliolewa jirani na pale. Ufunguo wa lile kufuli ulikuwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya mkewe. Mzee akifungua alfajiri, ameupokea kutoka kwake. Foleni ikileta ugomvi, anayeamua ni mama. Mtoto wangu wa kwanza nilijifungua Oktoba, mwezi mbaya kuliko yote, na huyo mama alinitumia ndoo ya ziada siku zote za uzazi bila mumewe kuambiwa. Au aliambiwa akanyamaza, sijui. Na gata zile kila Novemba nani alikuwa anapanda kuzisafisha majani? Watoto wao.

Ukiuliza kwa nini yeye hakuuza, uliza kwanza kama ruhusa ya kuuza alikuwa nayo.

#23 Kuchele_Kweupe
Duh. Kweli ufunguo ulikuwa kwa mama.

#24 Bint_Mikindani
Dada umesema 👏🏾

#25 Asiyelala_Newala
Mnazunguka. Uko uwandani, wenzako wanashuka bondeni usiku, wewe una tangi limejaa nyumbani. Usipotoa utaishi na nani? Nani atakuja kukuzikia? Mikorosho yako itapona moto wa Septemba? Wauzaji wa maji ninaowajua mimi, msibani kwao wanakuja wenye gari tu. Mzee alikuwa na akili. Alinunua usingizi.

#26 Dada_wa_Nanguruwe
Wauza maji wengine wamezikwa na watu wengi tu. Mama mmoja muuza maji kwetu alisomesha wajukuu yatima kwa ndoo hizohizo. Msifanye kuuza kuwa dhambi ili mzee ang'ae.

#27 Mtoto_wa_Nne
Asalaam aleykum. Huu uzi nimetumiwa na binamu. Mimi ni mtoto wake wa nne. Asanteni kwa pole. Naomba nirekebishe machache.

Baba hakuwa karani wa mizani. Karani alikuwa mtu mwingine wa kijiji cha jirani mwenye kovu kama la baba kwenye shavu, walikuwa wanachanganywa mpaka sokoni, na baba alikuwa anacheka.

Bibi alianguka kweli, lakini tangi lilikuwa limeshajengwa siku nyingi. Hakuanguka mteremkoni. Alianguka uani akifukuza kuku aliyeingia kwenye unga.

Tangi lilijengwa miaka ya 1990 kwa korosho za msimu mmoja uliokubali, mbuzi wa baba, na akiba ya mama ya vitumbua. Kwa hiyo Dada wa Nanguruwe hajakosea, saruji ile ina mafuta ya vitumbua ndani yake. Kabla ya hapo baba alikuwa anashuka bondeni mwenyewe na baiskeli, madumu manne, kwenye njia ya wanawake. Watu wakimcheka, mwanamume anateka maji. Mama akiwa na ujauzito wangu ndipo alipoanza, na hakuacha hata nilipozaliwa.

Mnamwita mkarimu, na alikuwa hivyo. Lakini mjue nyumbani tulikuwa tunahesabiwa kama jirani. Nasi ndoo mbili. Tulikuwa wengi kuliko nyumba yoyote ya foleni ile, maana kila aliyefiwa au kuachwa alikuwa anasogezwa kwetu. Kufua tulikwenda bondeni. Kuna mwaka hela yangu ya kwenda shule ilikuwa tayari mezani, akaja jirani usiku na mtoto anatetemeka degedege. Baba akaichukua palepale, wakampeleka Ndanda hospitali. Mtoto alipona, sasa hivi ana watoto wake. Mimi niliripoti shule nimechelewa, nikachapwa mbele ya wenzangu, na kwa muda mrefu nilikuwa nikimwona yule mtoto natamani kumpiga. Siyo jambo zuri kulisema msibani, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Hata hivyo sikumbuki jioni ambayo baba alikula peke yake. Sinia moja, ugali wa muhogo, kisamvu, na hagusi mpaka wote tumekaa, na wale wa kusogezwa wanakaa karibu yake zaidi yetu. Anauliza mmoja mmoja, leo umeona nini? Ukisema sijaona kitu anakuruka, halafu anarudi kwako mwisho. Wengi tulijifunza kuangalia vitu njiani ili tuwe na la kusema. Kamati za kijiji alikaa nyingi, ya shule, ya zahanati, ya maziko, lakini kikao kikifika magharibi hakijaisha anaaga. Kuna mwenyekiti aliwahi kumkasirikia kwa hilo.

Kuhusu kwa nini: nilimuuliza nikiwa mtu mzima. Akanijibu, "Kaangalie mbuzi."

#28 Mwana_wa_Uwanda
Nimecheka na machozi. Asante sana ndugu yangu kwa kuja.

#29 Kuchele_Kweupe
Ndugu, lile godoro lilikuwa la nani kati yenu?

#30 Mtoto_wa_Nne
La kwangu. Nalijua hilo godoro kuliko wewe unavyolijua.

#31 Mla_Mingoko
😂😂 Kuchele rudisha godoro la watu.

#32 Bint_Mikindani
Hata kama bibi alianguka uani, bado nia ya sadaka inaweza kuwa ileile.

#33 Ruvuma_Ngambo
Na wale wa kusogezwa nyumbani ndiyo desturi ya waliopokelewa. Nashikilia hapo.

#34 Mstaafu_wa_Idara
Kaka, umesema saruji ya miaka ya 1990. Basi ni baada ya sera kugeuka. Inakuja upande wangu.

#35 Mla_Mingoko
Mtoto wa marehemu kaja kuwaambia, nanyi mnamfundisha baba yake. Kusini raha sana.

#36 Fundi_Saruji
Ndugu Mtoto wa Nne, pole. Nina ombi dogo. Uko nyumbani? Unaweza kulipima tangi kwa ndani? Hilo la lita elfu 40 linanisumbua. Matangi ya duara ya saruji ya kipindi kile niliyoyaona hayakuwa makubwa hivyo.

#37 Mla_Mingoko
Mimi nasema ni elfu 20. Tulikuwa tunaogelea mle kwa siri.

#38 Dada_wa_Nanguruwe
Mlikuwa mnafanya NINI kwenye maji yetu?

#39 Mla_Mingoko
Utoto dada. Halafu lilikuwa tupu nusu.

#40 Mtoto_wa_Nne
Nimepima leo asubuhi kwa kamba. Upana ndani mita 4, kimo mpaka kwenye bomba la kufurikia mita 2 na sentimita 20. Kuna ufa upande wa chini na gata ya nyuma imeng'oka.

#41 Fundi_Saruji
Hapo ni lita 27,600 na kidogo. Siyo 40, siyo 20.

#42 Mla_Mingoko
Iko karibu na 20 kuliko 40. Nimeshinda.

#43 Fundi_Saruji
Hujashinda, tumepata tatizo. Ngojeni.

Nyumba 24, zamu ya siku tatu, nyumba nane kwa siku, ndoo mbili mbili. Hizo ni ndoo 16, lita 320 kwa siku. Siku 120 ni lita 38,400. Tangi likijaa pomoni lina 27,600. Zinapungua zaidi ya lita elfu 10, na hapo sijaweka ndoo ya mzazi ya Dada, wala watu wa nyumbani, wala Mstaafu aliyeoga. Mvua za kiangazi huko hakuna. Foleni ilikatika Oktoba?

#44 Dada_wa_Nanguruwe
Haikukatika. Mimi nilijifungua Oktoba, maji yalikuwepo mpaka mvua zikarudi.

#45 Kuchele_Kweupe
Haikuwahi kukatika nikiwa pale.

#46 Bint_Mikindani
Baraka haziingii kwenye hesabu ya fundi.

#47 Asiyelala_Newala
Ndoo hazikuwa zinajazwa. Nyie wenyewe mlikuwa wadogo, ndoo mliiona kubwa.

#48 Dada_wa_Nanguruwe
Nilikuwa mke wa mtu, siyo mdogo. Ndoo ilijaa.

#49 Kangomba_Mstaafu
Kuna kitu niliona na sikukiweka maana. Miaka ile nikipita usiku na mzigo, na mnajua kwa nini nilipita usiku, mwisho wa Oktoba hivi, nilikuta boza la maji limesimama pale kwake taa zimezimwa, mpira umeingia tangini. Nilidhani ananunua maji ya jumla aje kuuza rejareja. Ndiyo maana tangu mwanzo sikumwamini.

#50 Mwana_wa_Uwanda
Boza? Alikuwa ananunua?

#51 Mstaafu_wa_Idara
Maboza ya kukodi yalikuwepo kwa wenye uwezo, ndiyo. Bei yake haikuwa ndogo.

#52 Asiyelala_Newala
Usiku, taa zimezimwa. Basi hakutaka aonekane. Inaua hoja yangu ya kununua usingizi, nakiri. Au inaikuza, sijui.

#53 Mtoto_wa_Nne
Hilo boza mimi sijawahi kuliona wala kulisikia. Oktoba nilikuwa bweni miaka yote hiyo. Mama amelala sasa, nitamuuliza kesho akimaliza chai.

#54 Fundi_Saruji
Muulize pia lilikuwa la lita elfu 5 au elfu 10, na lilikuja mara ngapi kwa kiangazi kimoja. Hiyo gata iliyong'oka usiipige misumari, itapasuka tena. Nitumie ujumbe, nipo Masasi mpaka mwisho wa mwezi.